Mwanetu Alipoomba Kwenda Kuwinda Kindi

Jumamosi moja ya mwezi Januari, wakati wa chai ya jioni, mzee jirani yetu aligonga mlango. Alivua kofia, akafuta matope ya viatu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema alilokuja kusema. Alikuwa anaomba ruhusa ya kumchukua mwanetu wa kiume, mwenye miaka 14, akamfundishe kuwinda kindi msituni kwa bunduki ya upepo. Kumbe wawili hao walikuwa wameshazungumza, na mtoto ndiye aliyemwomba mzee aje kutusemesha.

Baba alisema, "Hakuna neno, Mzee." Mama alisema, "Hapana." Maneno yote mawili yalitoka kwa pamoja. Mzee akatutazama mmoja baada ya mwingine, akamaliza chai yake, akaaga.

Makala haya tunayaandika wawili, mume na mke, na pale ambapo hatukukubaliana tutasema hivyo. Tunaishi Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mahali pa milima, maziwa na mvua nyingi. Tulitoka Lushoto, kwa hiyo baridi na ukungu havikutushangaza sana. Mama anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, baba ni dereva wa basi, na Mungu ametujalia watoto watatu. Mzee jirani ni mjane, na maisha yake yote ya kazi alikuwa mfanyakazi wa misitu. Tuliwafundisha watoto wamwite babu. Mwanzoni alicheka, siku hizi asipoitwa hivyo huuliza kuna nini.

Sababu ya mama kukataa haikuwa woga mtupu. Mdogo wake wa kiume, mjomba wa watoto wetu, ana jicho moja. Alikuwa na miaka tisa wakati wavulana wa kijijini walipokwenda shambani na manati kufukuza kindi, wale ambao sehemu nyingine huitwa kuchakuro, waliokuwa wakifukua mbegu za mahindi. Jiwe lilipiga shina la mti likarudi. Aliyelirusha alikuwa binamu yake, mtoto mpole kabisa, na asubuhi ile ile walikuwa wamegawana muwa. Hakuna aliyekuwa mkorofi siku ile. Hilo ndilo lililomtisha mama: kwamba jicho linaweza kupotea bila mtu yeyote kuwa mkorofi.

Baba naye alikua na manati mfukoni na hakuumiza mtu. Alisema mvulana hujifunza utu uzima kwa kupewa kitu cha hatari mkononi huku mtu mzima amesimama karibu. Akaongeza kwamba mwanetu hushinda chumbani akiua watu kwa mamia katika mchezo wa kompyuta, na hakuna anayemwuliza kitu. Mama akajibu kwamba watu wale hawana damu. Tulibishana mpaka chakula kikapoa.

Asubuhi yake tulikubaliana jambo moja tu. Asikubaliwe wala asikataliwe mpaka mama aende akaone mwenyewe.

Basi mama alikwenda kwa mzee akiwa na maswali, na la kwanza lilikuwa hili: kindi amekosa nini? Hata mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka saba, alikuwa ameanza kulia akidhani babu anakwenda kumwua Nutkin. Akina mama ambao watoto wao wanasoma vitabu vya Kiingereza huenda mnamfahamu Nutkin, yule kindi mtundu katika kitabu cha Beatrix Potter kilichotoka mwaka 1903. Mandhari ya hadithi hiyo yalichukuliwa katika ziwa Derwentwater, hapa hapa Cumbria.

Mzee alijibu kwamba Nutkin ni mwekundu, na kwamba anachofanya yeye ni kwa ajili ya Nutkin.

Kisa chenyewe ni hiki. Kindi wa asili wa Uingereza ni mwekundu, mdogo, mwenye uzito wa gramu 300 hivi, na wakati wa baridi huota manyoya marefu masikioni kama vishungi. Kindi wa kijivu asili yake ni mashariki mwa Marekani. Mwaka 1876 tajiri mmoja aliyeitwa Thomas Brocklehurst aliwaachia kindi wa kijivu wawili katika viwanja vyake huko Henbury, Cheshire. Aliona watapendeza, basi. Wenye mashamba makubwa wengine wakaiga, na mwaka 1890 wakaletwa kumi Woburn, ambako baadaye walitolewa kama zawadi kwa watu wa sehemu nyingine. Mwaka 1937 sheria ilikataza kuwaingiza nchini na kuwafuga, lakini wakati huo walishatapakaa. Katika miaka ya 1950 serikali ilifika mahali pa kulipa shilingi kwa kila mkia wa kindi wa kijivu ulioletwa. Mpango huo ulikomeshwa mwaka 1958, kwa kuwa fedha zilitoka na kindi hawakupungua. Sasa inakadiriwa wako milioni 2.7 katika kisiwa kizima cha Britania, na wekundu hawafiki 300,000, wengi wao wakiwa Scotland. Cumbria ni moja ya sehemu chache za Uingereza ambako bado unaweza kumwona mwekundu ukiwa umesimama jikoni kwako.

Wa kijivu hamli mwekundu wala hapigani naye sana. Ana uzito karibu mara mbili, na anaweza kula matunda ya mwaloni yakiwa bado mabichi, jambo ambalo tumbo la mwekundu haliliwezi vizuri. Mwekundu anapofika mezani, chakula kimekwisha. Zaidi ya hapo kuna ndui. Kindi wa kijivu hubeba virusi vya ndui ya kindi bila kuugua, lakini vikimpata mwekundu hutoka vidonda machoni, mdomoni na miguuni, hawezi kula, na kwa kawaida hufa ndani ya wiki mbili. Mwaka 2008 ugonjwa huo uliingia katika msitu wa Formby, karibu na Liverpool, ukaua zaidi ya robo tatu ya wekundu waliokuwapo. Mzee aliwahi kuokota mmoja wa namna hiyo katika msitu wa hapa kwetu. Alisema alikuwa kama mtoto mwenye surua kali, akanyamaza, akabadilisha mazungumzo.

Halafu kuna miti. Wa kijivu hubambua magome ya miti michanga, hasa yenye umri wa miaka 10 hadi 40, ili alambe utomvu mtamu ulio chini yake. Akizunguka shina lote, mti hufa kuanzia pale kwenda juu. Mzee alimwonyesha mama mialoni aliyoipanda mwenyewe kwa mikono yake, vilele vimekauka kama mifupa.

Mama aliuliza kama hakuna njia nyingine. Ziko, na mzee hakuzificha. Kuna mitego. Kuna mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche anayepanda miti, ambaye utafiti wa Ireland na Scotland umeonyesha kwamba anapoongezeka, kindi wa kijivu hupungua, na mwaka 2024 baadhi yao waliachiwa kusini mwa Cumbria. Na kuna dawa ya uzazi wa mpango ambayo wataalamu wa serikali wamekuwa wakiifanyia utafiti kwa miaka kadhaa, wakitaka kuiweka katika chakula ndani ya sanduku ambalo mlango wake hufunguliwa na kindi mzito tu. Mama alicheka mpaka machozi. Alisema kumbe na kindi nao wanahitaji kliniki. Lakini dawa bado iko kwenye utafiti, na mnyama yule wa miti bado hajafika katika msitu wetu.

Kuhusu sheria tutasema kwa kifupi, maana baadhi ya wasomaji wana ndugu huku. Uingereza bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya jouli 16 hivi haihitaji leseni. Scotland ni tofauti, huko leseni imetakiwa tangu mwisho wa mwaka 2016. Mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuinunua wala kupewa zawadi. Mwenye miaka 14 hadi 17 anaweza kuitumia katika ardhi ya mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenye ardhi, na wa chini ya miaka 14 lazima awe chini ya uangalizi wa mtu mwenye miaka 21 au zaidi. Tangu mwaka 2011 ni kosa pia kwa mwenye bunduki kuiacha mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia peke yake. Ya mzee hukaa katika kabati la chuma. Ufunguo yuko nao yeye, na mama alihakikisha hilo kwa macho yake.

Masharti yetu yalikuwa zaidi ya yale ya sheria. Miwani ya kukinga macho wakati wote. Asiende bila mzee. Na bunduki isivuke kizingiti cha nyumba yetu.

Mwezi wote wa Februari mwanetu hakuona kindi. Aliona karatasi. Mzee alibandika karatasi yenye duara dogo, upana wa sarafu, mbele ya rundo la udongo, akampeleka mita 25 nyuma. Bunduki aliyompa ilikuwa ya zamani, ya springi, ambayo ni lazima uivunje katikati kuijaza kila unapotaka kupiga. Zipo za kisasa zinazojazwa upepo kutoka kwenye mtungi kama wa wapiga mbizi, nazo hupiga mara nyingi bila kujaza tena. Mzee hakutaka. Alisema anayejua kwamba ana risasi moja hufikiri mara mbili. Risasi yenyewe ni kidude cha madini ya risasi, chembamba kiunoni, kipenyo milimita 5.5, uzito kama gramu moja. Ukiitia kiganjani huwezi kuamini kwamba inaua.

Inaua ikipigwa kichwani, kati ya jicho na sikio. Ikipigwa pengine inajeruhi tu, na kindi aliyejeruhiwa hukimbilia juu kwenye kiota akafie huko kwa siku mbili au tatu. Kwa hiyo mzee aliweka sheria yake: mpaka mtoto apige risasi kumi mfululizo ndani ya lile duara, hatakwenda msituni. Jumamosi ya kwanza alipiga mbili. Ya pili nne. Alirudi nyumbani amekasirika, akasema babu anamwonea. Baba akamwambia arudi akaonewe tena.

Mama alikaa kwenye kiti cha turubai akitazama. Alichokiona, na ambacho hakukitarajia, ni jinsi somo lenyewe lilivyokuwa na ukimya. Mzee alisema zaidi juu ya wakati wa kutokupiga kuliko wakati wa kupiga. Usipige kama nyuma ya kindi kuna anga tupu, maana risasi itakwenda isikojulikana. Piga tu kama nyuma yake kuna shina nene. Usipige kwa pembe inayoweza kuifanya risasi iteleze kwenye gome gumu. (Hapo mama alimkumbuka mdogo wake, akamwomba mzee arudie maneno hayo. Aliyarudia.) Usipige kama huoni masikio na mkia vyote viwili. Masikio ya mwekundu yana vishungi wakati wa baridi, ya wa kijivu hayana kamwe. Mkia wa wa kijivu una ukingo mweupe kama moshi. Rangi peke yake haitoshi, kwa sababu wa kijivu naye huwa na wekundu mgongoni na miguuni, hasa wakati wa kiangazi, na kumwua mwekundu ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1981.

Jumamosi ya mwisho ya Februari zilipatikana kumi kati ya kumi.

Tulikwenda msituni Jumamosi ya kwanza ya Machi, mwanetu, mzee na mama. Baba alikuwa zamu. Tulitoka kabla ya mapambazuko, bunduki ikiwa imevunjwa katikati ili kila mtu aone haina kitu ndani. Mzee alikuwa ametundika sanduku la chakula kwenye shina la mwaloni, ndani mna mahindi na njugu, na pembeni kamera ndogo inayopiga picha yenyewe kitu kinapopita. Kabla ya yote alilisafisha sanduku kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu ndui huambukizwa pale pale wanapokula. Tuliketi nyuma ya ukuta wa mawe. Baridi ile, akina mama, ilikuwa ya kukata vidole.

Tulikaa saa nzima. Mwanetu, ambaye kanisani hawezi kukaa dakika kumi bila kuchezesha miguu, hakutikisika.

Kindi wa kwanza alipigwa na mzee mwenyewe. Wa pili alikuja karibu saa mbili asubuhi, akashuka na shina kichwa kikiwa chini, akasimama kwenye ubao wa sanduku akiwa ubavu. Masikio yalionekana. Mkia ulionekana. Nyuma yake kulikuwa na shina. Mzee akanong'ona neno moja. Sauti ya bunduki ya upepo si kubwa, ni kama mtu amefunga mlango wa kabati. Kindi akaanguka wima, hakutikisa hata mguu.

Mwanetu alimgeukia mama akiwa na uso ambao hatujui tuuelezeje. Ulikuwa wa furaha na wa hofu kwa pamoja, kama siku aliyoanza kutembea.

Mzee akaenda kumwokota kwa glovu, akamgeuza, akakaa kimya kidogo. Kisha akamwita mtoto. Hakumwonyesha mama, lakini mama alifuata. Chini ya tumbo, manyoya yalikuwa yamelala pande mbili na chuchu zilikuwa zimetokeza. Alikuwa ananyonyesha.

Mtoto akauliza, "Watoto wake wako wapi?"

Mzee angeweza kusema sijui. Angeweza kusema labda wameshakua. Alisema, "Kiotani. Pengine watatu. Bado hawajafumbua macho."

"Nani atawanyonyesha?"

"Hakuna."

Mama alitaka kumfunika mtoto masikio. Alitaka pia kumfokea yule mzee. Hakufanya lolote kati ya hayo, maana mzee mwenyewe alikuwa ameshainua macho juu akitafuta. Tulitafuta kiota sote watatu. Tulikiona, mpira wa vijiti na majani makavu kwenye panda ya msonobari, juu mno, labda mita kumi na mbili, hakuna tawi la kukanyagia. Mzee alizunguka mti ule mara mbili. Akarudi, akaketi juu ya gogo.

Akamweleza mtoto kwamba sheria haimkatazi mtu kumpiga kindi wa kijivu mwezi wowote wa mwaka, na kwamba kila mwaka yeye hujitahidi kumaliza kazi kabla ya Machi kwa sababu ya jambo hili hili. Mwaka huu alichelewa. Alichelewa kwa sababu Februari yote aliitumia kwenye karatasi. Alisema kosa ni lake, si la mtoto, na kwamba hata hivyo kama angejua ananyonyesha hana hakika angemwacha. Upande wa pili wa bonde, alisema, kuna wekundu, nao wana watoto mwezi huu huu, na ndui ikivuka hapa hakuna hata mmoja wa watoto wale atakayeiona Aprili. "Sina jibu zuri la kukupa," alisema. "Ningekuwa nalo ningekupa."

Mtoto hakulia pale. Alilia ndani ya gari.

Usiku ule tuliongea mpaka saa sita. Baba alisema basi, aache, bado ni mdogo kwa mambo haya. Mama, yule yule aliyesema hapana Januari, akasema asiamuliwe. Baba alishangaa. Mama alimweleza kwamba alichokiogopa ni mtoto kujifunza kuua kama mchezo, na kwamba pale msituni hakuona mchezo. Aliona mtu mzima akimwambia mtoto ukweli ambao ulimwumiza yeye mwenyewe aliyeusema. Nyumba ngapi mtoto anaupata ukweli wa namna hiyo? Sisi wenyewe kuku wakichinjwa huwaambia watoto waingie ndani.

Na tuseme jingine linalotuhusu sisi akina mama. Kitu kilichomgusa mama kuliko vyote hakikuwa kindi aliyekufa. Kilikuwa zile chuchu. Yeye alinyonyesha watatu, anajua maziwa yanavyojaa saa ikifika. Alikaa siku kadhaa akiliona tumbo lile la kijivu kila alipofumba macho. Alisali juu ya jambo hilo, na hakuona aibu kumwambia Mungu habari za kindi.

Mwanetu aliomba yule asiliwe. Mzee ana kanuni kwamba kilichouawa kisipotee bure, lakini alikubali, na walimzika chini ya mwaloni. Waliobaki, watatu aliopiga mzee siku ile, tuliletewa jikoni wakiwa wameshachunwa, kazi ngumu kwelikweli kwa sababu ngozi ya kindi imeng'ang'ania kama soksi iliyolowa. Vichwa vilikwisha kutupwa, na pamoja navyo risasi.

Tunajua kuna msomaji atakayekunja uso. Nyama ya kindi huuzwa katika baadhi ya mabucha ya Uingereza, na ladha yake iko kati ya kuku wa kienyeji na sungura. Nyama nyingi iko miguu ya nyuma. Mama aliikata vipande, akaikagua kama kuna chembe yoyote ya madini, akaitia chumvi, ndimu na tangawizi kwa saa mbili. Akaikaanga kidogo, akatia vitunguu viwili na nyanya, akafunika kwa moto mdogo karibu saa mbili tena, kwa sababu kindi mzee ni mgumu kama kamba, na mwisho akamalizia na tui la nazi la kopo. Tulikula kwa ugali. Mzee alikula akatoa jasho la pilipili, akaomba aongezwe. Mtoto wa mwisho alikula baada ya kuapiwa mara tatu kwamba huyu si Nutkin. Mwanetu alikula ugali na mboga. Hakuna aliyemsemesha.

Jumamosi mbili hakwenda kwa mzee. Ya tatu tulimwona anavaa buti bila kuambiwa. Alikwenda, si kupiga, bali kumsaidia kusafisha masanduku na kusoma picha za kamera, na kiangazi chote kazi yake ilikuwa hiyo. Ana daftari. Ameandika humo tarehe, saa, na rangi ya kila kindi aliyepita. Mwezi Juni kuna mstari mmoja aliouzungushia wino: mwekundu mmoja, saa 11 na dakika 40 alfajiri, upande wetu wa bonde. Mzee aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akamsimulia mtoto habari za kisiwa cha Anglesey huko Wales, ambako mwaka 1998 wekundu walikuwa wamebaki kama 40 tu, watu wakaanza kazi hii hii kwa mitego na subira, na mwaka 2015 kikatangazwa kuwa hakina tena wa kijivu. Sasa wekundu wa pale wanahesabiwa kwa mamia. Ilichukua miaka 17. Mwanetu alipiga hesabu, akagundua kwamba ikichukua hivyo hapa kwetu, atakuwa na miaka 31.

Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia aliuliza kama angeweza kupata bunduki yake mwenyewe. Sheria ilitujibia, na tulishukuru kwa hilo, maana safari hii hata sisi wawili hatukuwa na hakika tungesema nini.

Oktoba, majani yalipoanza kuanguka na wakati wa kunyonyesha umepita, walirudi msituni na bunduki. Mama aliomba kwenda tena. Jua lilikuwa linatua, mwanga mwekundu unapita kati ya miti, na kitu kikashuka kwenye shina la mwaloni upande wa pili. Mkia ulionekana nusu. Kichwa kilikuwa nyuma ya gome. Kwa mwanga ule kila kitu kilikuwa chekundu, hata mikono yetu. Mwanetu aliinua bunduki, akaishikilia. Mama alihesabu pumzi zake, zilifika kumi na tano. Kindi alikula, akageuka, bado masikio hayaonekani. Mtoto akaishusha bunduki, akaivunja katikati, akaitoa risasi akaitia mfukoni. Kindi akaenda zake.

Mzee hakusema kitu. Alifungua chupa ya chai akatumiminia.

Nyumbani walitoa kadi ya kamera wakaiweka kwenye kompyuta, na sote tukasogea kutazama. Alikuwa wa kijivu, tena dume kubwa, na picha moja ilimwonyesha akiwa amesimama wazi kabisa, nusu dakika baada ya bunduki kushushwa. Mwanetu alishika kichwa.

"Atarudi," mzee alisema.

Alirudi Jumanne, saa nne asubuhi. Mwanetu alikuwa shuleni.